Msiba wa Challenger: Machozi Peke Yake Hayatoshi



Tarehe 28 Januari 1986, watu saba walikufa katika safari ya kwenda angani. Walikuwa raia wa Marekani. Walikuwa ndani ya chombo kilichoitwa Challenger. Chombo hicho kilirushwa kutoka Cape Canaveral, pwani ya jimbo la Florida. Kwa saa za huko ilikuwa saa 5 na dakika 38 asubuhi.

Chombo kiliruka kwa sekunde 73 tu. Hesabu polepole kutoka moja hadi sabini na tatu. Ni muda mfupi sana. Kisha kilivunjika vipande vipande, kilomita 14 hivi juu ya bahari. Watu waliokuja kutazama walikuwa chini, wameinua nyuso zao. Miongoni mwao walikuwamo wazazi, wake, waume na watoto wa wale waliokuwa ndani.

Miaka mingi imepita. Kila mwaka, karibu na mwisho wa Januari, shirika la anga la Marekani, liitwalo NASA, huweka siku ya kuwakumbuka wanaanga waliokufa kazini. Mwanaanga ni mtu anayesafiri nje ya hewa ya dunia yetu. Siku hiyo maua huwekwa makaburini. Watu husimama kimya.

Hilo ni jambo jema. Lakini maoni yangu ni haya: machozi na maua peke yake hayatoshi. Mtu aliyekufa kwa ajali anatudai mambo mawili. La kwanza ni kumlilia na kumzika kwa heshima. La pili ni kutafuta sababu ya kifo chake na kuisema wazi, ili mwingine asife vile vile. Deni la kwanza twalilipa vizuri. Deni la pili twaliogopa. Nitaeleza kwa nini naona hivyo.

WATU HAO SABA WALIKUWA NANI?

Tusiwataje kwa hesabu tu. Kila mmoja alikuwa na jina na kwao.

Mkuu wa safari aliitwa Francis Scobee. Alipomaliza shule ya sekondari aliingia jeshi la anga, akawa fundi wa injini za ndege. Hakuwa rubani. Mchana alifanya kazi, na usiku alihudhuria masomo. Mwaka 1965 akapata shahada ya uhandisi. Baadaye akawa rubani, na mwishowe akawa mkuu wa chombo cha angani. Ndugu mwanakisomo, wewe unayekuja darasani jioni baada ya kutoka shambani, mtu huyu alikuwa mwenzako.

Ronald McNair alikuwa mtu mweusi kutoka Lake City, katika jimbo la South Carolina. Alipokuwa mtoto, watu weusi wa huko walibaguliwa. Kaka yake ameeleza kisa cha mwaka 1959. Ronald alikuwa na miaka tisa. Alikwenda maktaba kuazima vitabu. Akaambiwa kwamba maktaba hiyo si ya watu weusi. Hakuondoka. Aliketi, akangoja. Polisi wakaitwa, na mama yake akaitwa. Mwisho akapewa vitabu vyake. Mtoto huyo alikua, akawa daktari wa elimu ya fizikia, akaenda angani kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Leo jengo la maktaba ile ya zamani ni nyumba ya kumbukumbu yenye jina lake.

Ellison Onizuka alizaliwa Hawaii, katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, sehemu ya wakulima wa kahawa. Judith Resnik alikuwa mhandisi wa mambo ya umeme. Alikuwa mwanamke wa pili wa Marekani kwenda angani. Michael Smith alikuwa rubani kutoka jeshi la majini, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza angani. Gregory Jarvis alikuwa mhandisi.

Wa saba alikuwa mwalimu. Jina lake Christa McAuliffe, mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 37. Alifundisha shule ya sekondari katika mji wa Concord. Walimu zaidi ya 11,000 waliomba nafasi hiyo, na yeye ndiye aliyechaguliwa. Alikuwa afundishe masomo mawili kutoka angani. Kwa sababu hiyo watoto wa shule nyingi za Marekani walikaa mbele ya televisheni asubuhi ile. Waliona msiba ulivyotokea. Wanafunzi wa shule yake nao walikuwa wakitazama.

JE, MSIBA HUU UNATUHUSU?

Mtu mmoja anaweza kuuliza: "Sisi tuna misiba yetu. Watoto wetu wanakufa kwa malaria na kuhara. Wamarekani hao walikwenda angani kwa hiari yao, na kwa fedha nyingi. Kwa nini tuwalilie?"

Swali hilo ni la haki. Nami nalijibu hivi.

Kwanza, huruma si chakula cha ghalani ambacho ukimpa jirani kinapungua. Anayemlilia mtoto wa mbali hapunguzi machozi ya mtoto wake.

Pili, mambo ya angani si mageni kwetu kama tunavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Ilibeba chombo cha Marekani cha kuchunguza nyota. Hakikuwa na mtu ndani. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na chombo hicho kikapewa jina la Uhuru. Basi neno la Kiswahili limekwisha kwenda angani. Na leo, redio inapotangaza kwamba mvua kubwa yaja, habari hiyo mara nyingi imesaidiwa na picha za vyombo vilivyo juu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kilichowaua watu hao saba hakikuwa kitu cha ajabu cha angani. Ni kitu kinachoua watu vijijini, ziwani na barabarani. Kulikuwa na hatari. Watu walioijua walisema. Wakubwa hawakuwasikiliza. Basi, msiba huu unatuhusu.

KITU GANI KILIVUNJIKA?

Nitaeleza kwa maneno mepesi.

Challenger ilikuwa na sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni chombo chenyewe, chenye mabawa kama ndege. Ndani yake walikaa watu. Ya pili ni tangi kubwa la mafuta. Ya tatu ni roketi mbili, moja kila upande, za kusukuma chombo kipande.

Kila roketi ya pembeni ilikuwa ndefu, kiasi cha mita 45. Haikutengenezwa nzima. Ilitengenezwa kwa vipande katika jimbo la Utah, ikasafirishwa kwa treni mpaka Florida, na huko ikaunganishwa. Palipo na kiungo huwa pana nafasi. Kwa hiyo kila kiungo kilizibwa kwa pete mbili za mpira. Pete hizo zilizunguka roketi yote, lakini unene wake ulikuwa kama kalamu ya risasi. Kazi yake ilikuwa kuzuia moto wa ndani usitoke nje.

Ukifungua bomba la maji utakuta kipande cha mpira cha kuzibia. Kipande hicho kikizeeka au kikikauka, maji huvuja. Kazi ya pete zile ilikuwa ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba ndani ya bomba mna maji, na ndani ya roketi mna moto mkali.

Mpira una tabia moja. Ukiwa na joto, hunyumbulika. Ukiubana kisha ukauachia, hurudi upesi katika umbo lake. Ukipata baridi, huwa mgumu na hurudi polepole. Wenzetu wanaopika kwa mafuta ya nazi wanajua jinsi yanavyoganda asubuhi ya baridi. Vitu vingi hubadilika tabia kwa baridi.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari, baridi ya Florida ilikuwa kali kuliko kawaida. Maji yaliganda. Mahali pa kurushia palikuwa na vipande vya barafu. Chombo kilipoondoka, joto la hewa lilikuwa nyuzi 2 tu za Sentigredi. Pete za mpira katika kiungo kimoja cha roketi ya kulia hazikuziba vizuri. Moto ukapenya. Moto huo ukaunguza tangi la mafuta na vishikizo vyake. Tangi likapasuka, na nguvu ya hewa ikakirarua chombo.

Basi kipande cha mpira, chenye unene wa kalamu ya risasi, kikawa sababu ya vifo vya watu saba. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

USIKU KABLA YA SAFARI

Hata hivyo, mpira haukuwa sababu pekee. Mpira haujui kitu. Watu ndio waliojua.

Kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni iliitwa Morton Thiokol. Wahandisi wake walikuwa wameona dalili mapema. Mwezi Januari 1985 chombo kingine, Discovery, kilirushwa wakati wa baridi. Joto la kiungo lilikuwa kiasi cha nyuzi 12. Roketi zilipookotwa baharini, wahandisi waliona masizi nyuma ya pete ya kwanza. Maana yake, moshi wa moto ulikuwa umeipita. Safari ile ilinusurika. Mmoja wa waliokuwa ndani yake ni yule yule Ellison Onizuka. Alipona mwaka 1985. Mwaka uliofuata hakupona.

Mhandisi mmoja, Roger Boisjoly, aliandika barua kwa mkubwa wake tarehe 31 Julai 1985. Alionya kwamba kiungo kile kisiposhughulikiwa haraka, msiba utatokea na watu watakufa. Hiyo ilikuwa karibu miezi sita kabla ya ajali.

Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 ulifanyika mkutano kwa simu. Upande mmoja walikuwa watu wa kampuni. Upande wa pili walikuwa maofisa wa NASA. Wahandisi walisema: "Msirushe. Kesho kutakuwa na baridi kuliko safari yoyote iliyopita. Ngojeni joto lifike nyuzi 12." Maofisa wa NASA hawakupendezwa. Safari ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara kadhaa. Wakataka kuonyeshwa ushahidi kamili kwamba pete zitashindwa.

Hapa, ndugu msomaji, naomba usome polepole. Siku zote, anayetaka kusafirisha watu ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba chombo chake ni salama. Usiku ule mambo yaligeuzwa. Wahandisi ndio waliotakiwa kuonyesha kwamba chombo kitaharibika. Ni kama nahodha wa mashua iliyojaa kupita kiasi amwambie abiria: "Nionyeshe hakika kwamba tutazama, la sivyo twende." Abiria ataonyeshaje? Hakika ya kuzama hupatikana baada ya kuzama.

Viongozi wa kampuni waliomba wazungumze peke yao kwa dakika tano. Walizungumza kama nusu saa. Mmoja wao aliambiwa aache kufikiri kama mhandisi, afikiri kama meneja. Waliporudi kwenye simu, walisema safari yaweza kuendelea. Mhandisi Allan McDonald, aliyekuwa Florida, alikataa kutia sahihi. Sahihi ikatiwa na mkubwa mwingine. Na wakubwa wa NASA waliotoa amri ya mwisho hawakuelezwa kwamba wahandisi walikuwa wamepinga.

Tunayo methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini usiku ule mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na waliovunjika walikuwa wengine.

KUTAFUTA SABABU SI KUTAFUTA MCHAWI

Sasa nafika kwenye jambo linalotugusa zaidi.

Watu wengine husema: "Mtu amekwisha kufa. Kuuliza-uliza ni kuchokonoa kidonda. Ni kutafuta ugomvi." Wengine husema: "Ni amri ya Mungu." Na wengine, ambao ndio wa hatari, huuliza swali moja tu: "Nani kamroga?"

Nianze na amri ya Mungu. Mimi sibishani na imani ya mtu. Lakini Mungu huyo huyo alitupa akili na mikono. Mtoto akitumbukia katika kisima kisicho na mfuniko, kuweka mfuniko ilikuwa kazi yetu. Tusimtwike Mungu uzembe wetu.

Na uchawi je? Tunajua yanayotokea. Mtu hufa ghafula. Watu huenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli humtaja bibi mzee mwenye macho mekundu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepika kwenye moshi wa kuni maisha yake yote. Mzee huyo hupigwa, hufukuzwa, au huuawa. Kisima bado kiko wazi. Mwakani mtoto mwingine hutumbukia. Sasa kuna makaburi matatu, na sababu ipo pale pale.

Linganisha na waliyofanya Wamarekani baada ya msiba wa Challenger. Rais wao aliunda tume. Mwenyekiti alikuwa William Rogers. Ndani yake alikuwamo Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, na Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani. Alikuwamo pia mtaalamu wa fizikia, Richard Feynman.

Tarehe 11 Februari 1986, Feynman alifanya jambo dogo mbele ya watu wote. Alichukua kipande cha mpira wa pete zile. Akakibana kwa kibanio. Akakitia katika gilasi ya maji ya barafu. Baada ya muda akakitoa, akafungua kibanio. Mpira haukurudi upesi katika umbo lake. Ulibaki umebonyea kwa muda. Kila mtu aliona. Hata ambaye hakusoma fizikia alielewa.

Tofauti ya njia hizi mbili ni hii. Mpiga ramli hutaja jina, nawe huwezi kumkagua. Feynman alionyesha kitu ambacho mtu yeyote, mwenye mpira na barafu, angeweza kukifanya tena na kuona mwenyewe. Mpiga ramli huuliza "nani?" kisha huishia hapo. Tume iliuliza: Nini kiliharibika? Kwa nini? Nani alijua? Alijua lini? Alimwambia nani? Kwa nini hakusikilizwa?

Ripoti ya tume ilitolewa mwezi Juni 1986. Haikusema "ni bahati mbaya." Ilisema pete za mpira zilishindwa. Ikasema pia kwamba namna ya kuamua mambo ilikuwa na kasoro. Yaani tume haikuishia kwenye mpira. Ilifika mpaka kwenye mkutano wa usiku.

Kufanya hivyo si kuwatukana marehemu. Ni kuwaheshimu. Anayesema "tusiulize" mara nyingi hamlindi marehemu. Anamlinda aliyezembea.

KAZI YA KALAMU

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tuna jambo la pekee la kujifunza hapa.

Tume ilijuaje kwamba kulikuwa na onyo? Ilijua kwa sababu onyo liliandikwa. Ile barua ya tarehe 31 Julai 1985 ilikuwa na jina la mwandishi, jina la aliyeandikiwa, na tarehe. Maneno ya mdomo huweza kukanwa. Mkubwa aweza kusema: "Sikuambiwa." Karatasi yenye tarehe haibadiliki. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba hata uhai wa mtu huweza kuisha bila habari, kama hakuna daftari.

Lakini tuseme ukweli. Kalamu peke yake haikuwaokoa watu saba. Barua iliandikwa, na bado walikufa. Kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya anayesoma. Kiongozi anayepokea barua ya onyo na kuiweka chini ya mafaili amefanya kosa kubwa kuliko asiyejua kusoma. Yule hakujua. Huyu alijua, akanyamaza.

Na waliosema ukweli walilipwa nini? Boisjoly alipoipa tume karatasi zake, baadhi ya wenzake kazini walimtenga. Aliacha kazi pale, na baadaye alizunguka akiwafundisha wahandisi juu ya wajibu wa kusema ukweli. McDonald alipunguziwa madaraka. Baraza la wawakilishi la nchi yao lilipoingilia, alirudishiwa, kisha akaongoza kazi ya kutengeneza upya kile kiungo.

Mhandisi mwingine, Bob Ebeling, alijilaumu kwa miaka 30. Usiku ule alimwambia mke wake kwamba chombo kitalipuka. Miaka yote alidhani hakufanya ya kutosha. Mwaka 1986 alieleza aliyoyajua, lakini moyo haukutulia. Januari 2016, akiwa mzee sana, alieleza huzuni yake katika redio. Watu wengi asiowajua walimwandikia barua za kumfariji. Alifariki mwezi Machi mwaka huo huo, mzigo wake ukiwa umepungua.

Tazama jinsi matanga yanavyoweza kuwa marefu. Waliokufa walizikwa mwaka 1986. Aliyeonya aliomboleza mpaka mwaka 2016.

WALIPOSAHAU

Baada ya Challenger, vyombo vya namna ile havikuruka kwa zaidi ya miaka miwili. Kiungo kilitengenezwa upya. Pete ya tatu iliongezwa. Vilitiwa vifaa vya kupasha joto. Tarehe 29 Septemba 1988, Discovery iliruka na kurudi salama.

Lakini watu husahau. Tarehe 16 Januari 2003, chombo kingine, Columbia, kilirushwa. Kipande cha povu gumu kiliruka kutoka kwenye tangi, kikagonga bawa la kushoto. Wahandisi waliomba picha zipigwe ili waone kama bawa limetoboka. Wakubwa hawakukubali. Waliona si lazima. Tarehe 1 Februari 2003, chombo kikiwa kinarudi nyumbani, hewa yenye joto kali sana iliingia katika bawa. Chombo kilivunjika juu ya jimbo la Texas. Watu saba wengine walikufa. Miongoni mwao alikuwamo Kalpana Chawla, mwanamke aliyezaliwa India, na Ilan Ramon, mwanaanga wa kwanza wa Israeli.

Tume ya mwaka 2003 iliona mambo yale yale. Kwa miaka 17 watu walikuwa wakiweka maua kila Januari. Mpira ulibadilishwa, lakini masikio yalibaki yale yale. Ndiyo maana nasema, machozi na maua hayatoshi.

TUFANYE NINI?

Sisi hatuna roketi. Lakini tuna visima, madaraja, mitumbwi, mashine za kusaga na madarasa yenye kuta za nyufa. Kwa hiyo napendekeza mambo haya.

1. Msiba ukitokea, tuwazike wenzetu kwa heshima na tukae na wafiwa. Hilo tusiliache.

2. Matanga yakiisha, mkutano wa kijiji uitishwe. Tuulize: Nini kilitokea? Kwa nini? Nani aliona dalili mapema? Alimwambia nani? Tusitaje mchawi. Tutafute kitu ambacho kila mtu anaweza kukiona kwa macho yake.

3. Anayeona hatari aandike. Aandike tarehe, mahali, alichoona, na anayemwandikia. Abaki na nakala. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwanakisomo.

4. Kiongozi anayepewa onyo asikasirike. Asiulize, "Wewe nani?" Aulize, "Umeona nini?" Onyo likiwa la uongo, tutapoteza siku moja. Likiwa la kweli na tukalipuuza, tutapoteza watu.

5. Anayetaka kubeba watu aonyeshe kwanza kwamba pana usalama. Abiria asilazimishwe kuonyesha kwamba watazama.

6. Tukisharekebisha, tukague tena mwakani, na mwaka unaofuata. Kusahau ni hatari kama ufa.

Mwisho, nitasema jambo moja juu ya yule mwalimu, Christa McAuliffe. Familia za wale saba zilianzisha vituo vya kuwafundisha watoto sayansi. Mwalimu Barbara Morgan, aliyekuwa amejiandaa pamoja na Christa kama mtu wa akiba, hakukata tamaa. Aliendelea kungoja. Mwezi Agosti 2007 alikwenda angani, akarudi salama. Na mwaka 2018, wanaanga wawili waliowahi kuwa walimu walifundisha wakiwa angani baadhi ya masomo ambayo Christa alikuwa ameyaandaa. Somo lililokatika mwaka 1986 likaendelea baada ya miaka 32.

Hayo ndiyo matanga ninayoyaheshimu. Marehemu kaliliwa. Sababu imetafutwa na kusemwa. Kilichovunjika kimetengenezwa. Na kazi aliyoiacha imefanywa na walio hai.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Pete za mpira zilikuwa na kazi gani? Kwa nini zilishindwa siku ile?

2. Wahandisi walisema nini usiku wa tarehe 27 Januari 1986? Kwa nini hawakusikilizwa?

3. Kuna tofauti gani kati ya njia ya mpiga ramli na njia ya Feynman?

4. Mwandishi anasema kwamba kuandika ni nusu ya kazi. Je, unakubali? Toa sababu.

5. Katika kijiji chenu kuna hatari gani ambayo watu wanaijua lakini hawaisemi?

6. Kila mwanakisomo aandike barua fupi kwa mwenyekiti wa kijiji juu ya hatari moja aliyoiona. Atie tarehe na jina lake. Darasa lisome barua hizo kwa sauti, kisha zipelekwe.